Bakteria Wanaotumwa Kuitafuta Saratani

Mwaka 1955 watafiti wawili wa Marekani, Malmgren na Flanigan, walifanya jaribio ambalo ukilisoma leo linatisha kidogo. Waliwadunga panya spora za bakteria wa pepopunda, yaani bakteria waliolala ndani ya ganda gumu, kwenye mshipa wa damu. Panya wasio na saratani walibaki salama. Panya waliokuwa na uvimbe wa saratani walikufa kwa pepopunda ndani ya siku mbili hivi.

Tofauti ilikuwa ule uvimbe tu. Spora za pepopunda haziamki mahali penye oksijeni ya kutosha, na mwili wenye afya una oksijeni karibu kila pembe. Ndani ya uvimbe hali ni nyingine. Saratani hukua haraka kuliko mishipa ya damu inayoilisha, kwa hiyo katikati yake hubaki sehemu zisizofikiwa na hewa, zilizojaa seli zilizokufa. Spora zilipofika hapo zikaamka, zikazaliana, zikamwaga sumu. Ukilitazama jaribio hilo kwa jicho jingine, bakteria wale walikuwa wameipima saratani na kutoa majibu, ila majibu yenyewe yalikuwa kifo cha mgonjwa.

Wanachokitafuta watafiti wa leo ni uwezo huo huo bila balaa lake: bakteria anayeweza kuishi ndani ya uvimbe, asiye na madhara, aliyebadilishwa vinasaba ili akishatulia humo atoe taarifa inayosomeka kwenye mkojo, damu au choo. Kazi imefika mbali kuliko wengi wanavyodhani, na wakati huo huo iko nyuma sana ya vile vichwa vya habari vinavyodai.

Shida ya kupima mapema

Kikulacho ki nguoni mwako, na saratani ndiyo kielelezo kamili cha msemo huo. Seli zake ni seli zetu wenyewe zilizoasi. Hazina alama ya ugeni kama vijidudu vya malaria au virusi vya UKIMWI, kwa hiyo kipimo kinachotafuta kitu kigeni hakina cha kushika.

Juu ya hapo kuna suala la kiasi. Uvimbe wenye kipenyo cha milimita moja una seli laki kadhaa, pengine zikaribie milioni. Ni nyingi ukizitazama peke yake, lakini mwili wa mtu mzima una seli takriban trilioni 30 na damu ya lita tano hivi. Chochote kinachomwagwa na uvimbe mdogo kiasi hicho huzimuliwa mara moja, halafu huharibiwa. Vipande vya DNA vinavyodondoka kutoka kwenye seli zinazokufa hupungua kwa nusu katika damu ndani ya muda usiozidi saa mbili. Ndani ya utumbo navyo hukutana na vimeng'enya vinavyovikatakata kabla havijatoka nje. Ndiyo maana vipimo vya damu vinavyotafuta DNA ya saratani huona vizuri uvimbe mkubwa na kuhangaika na mdogo, wakati mdogo ndio hasa tunaotaka kuuona.

Hapa ndipo bakteria anapoleta wazo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha habari yote hii. Bakteria huzaliana. Chukua mmoja aliyefika ndani ya uvimbe na kugawanyika kila nusu saa: baada ya saa kumi watakuwa zaidi ya milioni moja, wote mahali pale pale, wote wakitengeneza kitu kile kile ulichowaagiza. Dalili ambayo uvimbe wenyewe ungeitoa kwa kunong'ona sasa inapigiwa kipaza sauti. Na kwa kuwa wewe ndiwe uliyechagua dalili hiyo, unaweza kuchagua kitu ambacho mwili hautengenezi kabisa, kisichochanganyika na vingine.

Kwa nini wanaishi humo

Makala nyingi hupenda kusema kwamba bakteria "huinusa" saratani na kuikimbilia. Lugha hiyo inapotosha. Kwa sehemu kubwa, bakteria wanaoingia kwenye damu husambaa kila mahali: ini, bandama, mapafu. Seli za kinga huwakamata na kuwamaliza. Wachache wanaojikuta ndani ya uvimbe ndio wanaookoka, kwa sababu saratani imekwisha kuipumbaza kinga katika eneo lake ili isishambuliwe. Maficho ambayo saratani ilijijengea, bakteria anayatumia bure. Anakuta pia chakula tele kutoka kwenye seli zilizokufa, na oksijeni kidogo isiyomsumbua. Siku chache baadaye viungo vingine vimesafishwa, uvimbe umejaa.

Katika panya tofauti hiyo ni kubwa ajabu. Miaka ya 1990, bakteria wa Salmonella waliodhoofishwa walionekana kuwa wengi ndani ya uvimbe kuliko kwenye ini kwa zaidi ya mara elfu moja. Watu walifurahi. Kisha bakteria hao wakapelekwa kwa binadamu, kwa lengo la tiba, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002: kati ya wagonjwa 25, wengi wao wakiwa na saratani ya ngozi ya aina ya melanoma iliyokwisha kusambaa, bakteria walipatikana ndani ya uvimbe kwa watatu tu. Hakuna uvimbe uliopungua. Namba hizo zinafaa kubaki kichwani unapoendelea kusoma, maana karibu kila kitu kinachofuata kinahusu panya.

Bakteria wa askari mmoja

Bakteria anayetumika zaidi katika kazi hii ana historia yake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, daktari Mjerumani Alfred Nissle, aliyefanya kazi mjini Freiburg, alichunguza choo cha askari ambaye hakuugua tumbo la kuhara wakati wenzake waliokuwa naye upande wa Balkani walikuwa hoi. Humo akapata aina ya E. coli, bakteria wa kawaida wa utumbo, iliyoonekana kuwazuia bakteria wabaya. Aina hiyo inaitwa E. coli Nissle 1917 hadi leo, na imeuzwa Ujerumani kama dawa ya kumeza, kwa jina la Mutaflor, kwa miongo mingi. Maana yake ni kwamba tayari binadamu wengi wamekwisha kuimeza bila kudhurika, jambo ambalo mtafiti yeyote anayetaka kuingiza kiumbe hai mwilini mwa mtu hulithamini kama dhahabu.

Mwaka 2015 kundi lililowahusisha Tal Danino, Sangeeta Bhatia wa MIT na Jeff Hasty wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, lilichapisha jaribio ambalo ndilo lililoipa fani hii sura yake ya sasa. Walitafuta saratani ya utumbo iliyosambaa hadi kwenye ini. Hawakuchagua ini kwa bahati. Damu inayotoka utumbo hupita kwanza kwenye ini, hivyo bakteria waliomezwa na kupenya ukuta wa utumbo hufika huko kabla ya kwingine. Saratani ya utumbo nayo, ikisambaa, hupenda kuanzia hapo hapo.

Bakteria waliongezewa jeni ya kutengeneza kwa wingi kimeng'enya kinachokata kifungo kati ya sukari ya galaktosi na kitu kilichoshikamana nayo. Panya wakanyweshwa bakteria hao. Siku moja hivi ilipopita, wakadungwa kemikali maalumu: lusiferini, yaani ile inayompa kimulimuli mwanga wake, iliyofungwa pamoja na galaktosi. Ikiwa imefungwa hivyo haiwezi kuwaka. Mahali palipo na bakteria wengi, yaani ndani ya uvimbe, kimeng'enya hukata kifungo, lusiferini hubaki huru, huchujwa na figo na kutoka na mkojo. Mtafiti anachukua mkojo, anauchanganya na kimeng'enya cha kimulimuli, anapima mwanga. Mkojo wa panya wenye saratani uliwaka zaidi. Uvimbe uliogunduliwa kwa njia hiyo ulikuwa mdogo, wa kiasi cha milimita moja.

Kuna jambo dogo ndani ya jaribio hilo linaloonyesha ugumu wa kufanya kazi na kiumbe hai. Jeni mpya huwekwa mara nyingi kwenye plasmidi, kipande cha DNA cha duara kinachoelea ndani ya bakteria kando ya DNA yake kuu. Bakteria hana faida yoyote na mzigo huo. Akigawanyika na mtoto mmoja akakosa plasmidi, mtoto huyo hukua haraka kuliko ndugu zake, na baada ya muda ukoo wote umesahau kazi. Maabara huzuia hili kwa dawa ya antibiotiki, lakini huwezi kumpa mgonjwa antibiotiki ili kuwalinda bakteria. Watafiti waliweka kwenye plasmidi jeni mbili za ziada, moja ya sumu inayodumu na nyingine ya kiuasumu kinachoharibika haraka. Anayeitupa plasmidi hubaki na sumu bila kiuasumu, na hufa. Ni ukatili wa kiwango cha seli, lakini unafanya kazi.

Kuisoma DNA ya uvimbe papo hapo

Njia ya 2015 ina udhaifu ulio wazi: bakteria hajui kama alipo ni saratani. Anajua tu kwamba amepata mahali pa kuishi. Jipu au kidonda cha ndani kinaweza kumvutia vile vile. Jaribio lililochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science, na watafiti kutoka San Diego na Australia, lilijaribu kitu kingine kabisa: bakteria asome DNA ya uvimbe na kutambua kosa lililoko ndani yake.

Walimchukua Acinetobacter baylyi, bakteria wa udongoni mwenye tabia ya kumeza DNA iliyozagaa karibu naye na kuiingiza katika DNA yake mwenyewe. Tabia hiyo si ngeni kwa sayansi. Frederick Griffith aliionyesha kwa bakteria wa nimonia huko London mwaka 1928, kabla hata haijajulikana kwamba DNA ndiyo inayobeba urithi. Jipya lilikuwa kuitega.

Shabaha yao ni jeni iitwayo KRAS. Jeni hii hutengeneza protini inayoiambia seli igawanyike au itulie, na katika takriban asilimia 40 ya saratani za utumbo mpana huwa imeharibika. Aina moja maarufu ya uharibifu, G12D, hutokana na badiliko la herufi moja ya DNA: mahali palipoandikwa GGT panakuwa GAT. Amri ya kugawanyika hubaki imewashwa.

Hatua ya kwanza ilikuwa rahisi kwa makusudi. Seli za saratani ziliwekewa jeni ya kuhimili antibiotiki iitwayo kanamaisini, ikiwa katikati ya vipande viwili vya KRAS. Bakteria naye akawekewa vipande hivyo hivyo viwili. DNA huwa na tabia ya kubadilishana pale mifuatano inapofanana, kwa hiyo bakteria akimeza kipande kilichodondoka kutoka kwenye seli ya saratani, vipande vya KRAS hukutana na kile kilichoko katikati huhamia kwake. Sasa anaweza kuhimili kanamaisini. Ukimwaga bakteria kwenye sahani ya maabara yenye dawa hiyo, wote hufa isipokuwa walioipata DNA ya uvimbe, nao huonekana kwa macho kama vidoa vinavyokua. Panya waliokuwa na uvimbe kwenye utumbo mpana waliwekewa bakteria kwa njia ya haja kubwa. Vidoa viliota kwa panya wenye uvimbe uliotiwa alama, na kwa wasio nao havikuota.

Msomaji makini ameshaona kasoro: hakuna mgonjwa ambaye saratani yake imewekewa jeni ya kanamaisini na watafiti. Hatua ya pili ililenga hilo, na hapa ndipo ustadi ulipo. Jeni ya kuhimili dawa iliwekwa ndani ya bakteria mwenyewe, lakini ikazimwa na jeni nyingine inayoizuia, na hiyo jeni ya kuzuia ndiyo iliyowekwa katikati ya vipande vya KRAS. Bakteria akimeza KRAS ya kawaida ya binadamu, isiyotiwa alama yoyote, inachukua nafasi ya kizuizi. Kizuizi kikiondoka, jeni ya kuhimili dawa inawaka.

Lakini KRAS iko katika kila seli yetu, nzima na mbovu. Basi wakautumia mfumo wa CRISPR, silaha ambayo bakteria wa asili huitumia kukatakata DNA ya virusi, wakaulenga kwenye KRAS yenye GGT. Akimeza KRAS nzima, mfumo unaikata na hapati chochote. Akimeza yenye GAT, mfumo hauitambui, inapita, naye anaokoka kwenye sahani ya dawa. Tofauti ya herufi moja inageuka kuwa uhai au kifo cha bakteria, na hilo unalihesabu kwa macho bila mashine ya kusoma DNA.

Hatua hiyo ya pili ilifanyika kwenye vyombo vya maabara, haikufanyika ndani ya panya. Habari nyingi zilizoandikwa kuhusu utafiti huu ziliunganisha hatua mbili kana kwamba ni moja, na msomaji akaondoka akiamini kwamba tayari kuna bakteria anayetambua saratani ya asili ndani ya mnyama.

Kipo pia kikwazo cha asili ya njia yenyewe. Bakteria husoma kile tu alichotegewa. Uvimbe wenye kosa jingine kwenye KRAS, au usio na kosa la KRAS kabisa, utampita, na itabidi watengenezwe wengi, kila mmoja na shabaha yake. Kwa upande mwingine, DNA inamezwa pale pale inapodondoka, kabla vimeng'enya havijaiharibu, na huo ni ubora ambao kipimo cha choo au damu hakiwezi kuudai.

Watafiti wengine wamechukua njia za pembeni. Mwaka 2017 maabara ya Pamela Silver, Harvard, ilionyesha bakteria waliokaa katika utumbo wa panya kwa miezi sita wakiendelea kutunza kumbukumbu ya kama walikutana na kemikali inayoambatana na uvimbe-joto wa utumbo, yaani utumbo kuwaka na kuvimba. Mwaka 2018 kundi la MIT liliweka bakteria ndani ya kidonge chenye kifaa cha elektroniki. Walipokutana na damu tumboni mwa nguruwe waliwaka, kifaa kikauona mwanga na kutuma taarifa nje kwa redio.

Hesabu inayosahauliwa

Tuchukulie siku moja kipimo cha namna hii kinapatikana, kizuri kweli: kinawakamata asilimia 90 ya wagonjwa, na kati ya wazima kinakosea kwa asilimia 5 tu. Pima watu 10,000 wasio na dalili, ambao kati yao 50 wana saratani. Kitawapata 45. Kitawatisha pia wazima 498 hivi. Ukiambiwa majibu yako yanaonyesha saratani, uwezekano wa kuwa nayo kweli ni kama mmoja kwa kumi na wawili. Waliobaki watapitishwa kwenye kolonoskopia (uchunguzi wa utumbo mpana kwa kamera), mirija na usiku wa kukosa usingizi bure. Hivyo usahihi unaosifiwa kwa panya ishirini maabarani haujasema lolote kuhusu kupima umma.

Halafu bakteria ni kiumbe hai, na kiumbe hai hubadilika. Mitambo ya usalama iliyowekwa ndani yake, kama vile jeni za kumfanya ajiue kwa amri au kumwondolea uwezo wa kutengeneza kirutubisho anachokihitaji ili asiishi nje ya maabara, nayo huweza kuharibika kadiri anavyogawanyika. Jeni ya kuhimili antibiotiki, iliyo muhimu kwa jaribio la 2023, ndiyo hasa usiyotaka kuipeleka kwenye utumbo uliojaa bakteria wengine wanaoweza kuiokota. Hata Nissle, mpole wa miaka mia, ana lake: anabeba kundi la jeni liitwalo pks linalotengeneza kolibaktini, kemikali inayoharibu DNA, na alama za uharibifu wa kolibaktini zimeonekana katika baadhi ya saratani za utumbo. Jeni hizo zinaweza kuondolewa, na nadhani hakuna sababu nzuri ya kuziacha ndani ya bakteria anayetafuta saratani.

Ushahidi kwa binadamu

Mwaka 2024 kundi la Danino na wenzao wa Australia walichapisha utafiti uliojibu swali ambalo jaribio la Salmonella liliacha wazi. Wagonjwa wa saratani ya utumbo walimeza Nissle wa kawaida, yule anayeuzwa kama dawa, kabla ya kuchukuliwa sampuli. Bakteria walipatikana zaidi katika uvimbe kuliko katika nyama yenye afya iliyokuwa jirani. Kwa hiyo ile tabia ya kukaa ndani ya uvimbe ipo kwa binadamu pia, angalau kwa saratani ya utumbo, ambako bakteria hawalazimiki kupita kwenye damu. Kwa panya, kundi hilo hilo lilitumia Nissle aliyebadilishwa ili atengeneze salisilati, kemikali ya ukoo wa aspirini inayopimika kirahisi, na likamwongezea pia silaha za kuishambulia saratani yenyewe.

Dau langu ni kwamba hizo silaha zitafika hospitalini kabla ya kipimo. Mgonjwa ambaye dawa zimeshindwa anaweza kukubali hatari ya kuwekewa bakteria waliobadilishwa vinasaba, na mamlaka za dawa zitamwelewa. Mtu mzima asiyeumwa kitu, anayetaka tu kujua kama yuko salama, hapaswi kuombwa akubali hatari yoyote ya maana, na kwa ajili yake itabidi ushahidi wa usalama uwe mzito zaidi. Saratani ya utumbo mpana iliwapata watu wapatao milioni 1.9 duniani mwaka 2022 na kuua takriban laki tisa. Kwa sasa kipimo cha kuangalia damu iliyojificha kwenye choo, na kolonoskopia kwa wanaoihitaji, ni miongoni mwa vipimo vyenye ushahidi wa kupunguza vifo hivyo.